Hesabu ya Kuangukia Jua

Ninyi vijana mnaodhani kwamba kwenda kwenye jua ni kuteremka tu, siwacheki. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa na miaka ishirini na moja, na hesabu hiyo nusura inipeleke mahali ambako wengi siku zile walipelekwa na hawakurudi.

Juzi mjukuu wangu Mireille alinionyesha kwenye simu yake picha ya chombo kilichopita karibu na jua kuliko chochote kilichowahi kutengenezwa na mikono ya watu. Alikuwa amesoma kwamba kabla ya kufika huko kilipita kwanza kando ya sayari ya Venus, kikazunguka, kikapita tena, mara nyingi, kwa miaka.

"Kambo," akaniuliza, maana ndivyo huku tunavyomwita babu, "juu ya nini kilizunguka vile? Jua iko inavuta kila kintu. Si bangekiachilia tu kianguke?"

Nikamwambia aketi. Nadhani alijuta, maana maelezo yalikula mchana mzima na simu yake ikazimika. Lakini aliposimama aliniambia niandike, kwa hiyo ninaandika. Msitafute mpangilio. Kichwa changu kwa sasa ni kama kabati la ofisi iliyohamishwa mara tatu.

Nilikuwa mkokotoaji. Kazi hiyo haipo tena. Siku zile, kabla simu hazijajua kuzidisha, kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kupewa namba asubuhi na kurudisha namba nyingine jioni. Ofisi yetu ilikuwa ya upimaji wa ardhi, katikati ya mji huu ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Wapimaji walikwenda porini na vyombo vyao, walirudi na madaftari yenye tope, nasi tuliyageuza yale madaftari kuwa ramani: mlima huu uko hapa, mpaka wa shamba unapita pale.

Tulikuwa na mashini mbili za chuma, za mkono. Unapanga namba kwa kusogeza vijino vidogo, kisha unashika mpini. Ukizungusha kwenda mbele, umejumlisha. Ukizungusha kurudi nyuma, umetoa. Ukitoa zaidi ya kilichokuwemo, kengele inalia ting! na ofisi nzima inajua kwamba umekosea. Mwezi wangu wa kwanza, kengele yangu ililia sana hata karani wa mapokezi akaanza kusema "Ingia!" kila alipoisikia.

Aliyenifundisha ni Papa Mukendi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea na koti la kijivu alilolivaa hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi migodini, na yeye alizaliwa hapa hapa, katika nyumba za wafanyakazi. Alijua logariti za namba nyingi kwa moyo, kama wengine wanavyojua zaburi. Chochote nilichojua baadaye maishani, mzizi wake ni yeye.

Alikuwa na kanuni, na nitawapa zile zilizonifaa zaidi. Ya kwanza: kisia kabla ya kukokotoa. Sema kwa sauti, jibu litakuwa karibu na ngapi? Asiyekisia ataamini chochote mashini itakachomwambia. Ya pili: usifute kamwe. Piga mstari mmoja juu ya kosa, libaki linasomeka, maana kesho utataka kujua ulipotelea wapi. Ya tatu, ambayo aliishika kuliko zote: hakuna namba inayotoka ofisini kabla haijapita mikono miwili. Mtu mmoja anakokotoa, mwingine anakokotoa upya bila kuchungulia, ndipo mnalinganisha. "Muntu mumoja anaweza kujidanganya siku muzima," alisema, "na anajisikia muzuri kabisa."

Basi Katanga ikajitenga. Nchi ilikuwa changa bado, na jimbo letu likasema lenyewe ni nchi. Sitawafundisha siasa. Nitasema tu kilichotokea kwetu ofisini: wapimaji waliacha kwenda porini kwa sababu barabara zilikuwa na askari, madaftari yakaacha kuja, na mashini zikapoa.

Mkuu wetu, Monsieur Hubert, alikuwa Mbelgiji mrefu, mpole, msahaulifu wa kofia. Chama cha wahandisi wa mji kilimwomba atoe mhadhara. Ilikuwa miaka ile watu wa kwanza walipokuwa wanarushwa angani, na kila mtu alitaka kusikia habari za mbinguni. Monsieur Hubert alichagua swali moja: njia ipi inahitaji nguvu kidogo zaidi kupeleka chombo karibu kabisa na jua? Yeye angesema. Kukokotoa kulikuwa kwetu.

Nilikisia, kama nilivyofundishwa. Nikasema: "Karibu na sifuri, Papa. Jua linavuta lenyewe."

Papa Mukendi hakucheka. Akaniuliza dunia inalizunguka jua kwa mwendo gani. Nikatafuta kitabuni: karibu kilometa thelathini kila sekunde.

"Na wewe unaketi juu ya dunia. Unaenda mwendo gani?"

"Ule ule."

"Na kile kintu yako ikitoka hapa?"

Ndiyo, vijana, hapo ndipo penye ugumu wote. Chombo kikiondoka duniani kinaondoka na mwendo wa dunia. Jua linakivuta, lakini mwendo ule wa ubavuni unakifanya kilikose jua, mwaka huu na mwaka ujao na milele, kama dunia yenyewe inavyolikosa. Ukitaka kianguke, lazima ukinyang'anye mwendo. Kusukuma kwenda kwenye jua hakusaidii kitu. Unasukuma kurudi nyuma, kinyume cha njia ya dunia, na unasukuma karibu mwendo wote ule. Tulikokotoa sote wawili: ili kiguse tu ukingo wa jua, unatakiwa kutoa karibu ishirini na saba kati ya zile thelathini. Hakuna roketi ya wakati ule iliyokaribia nguvu hiyo. Hata za leo zinaona shida.

Monsieur Hubert alihuzunika. Mhadhara wa kusema "haiwezekani" haumfurahishi mtu.

Halafu nikakosea.

Ilikuwa Jumatatu, nikikokotoa upya njia ile ile kwa hatua ndogo ndogo, nikianza kwa kutoa karibu tisa tu, theluthi ya ile ishirini na saba. Mahali pa kutoa, nilizungusha mpini kwenda mbele. Nikajumlisha. Chombo changu, badala ya kupunguziwa mwendo, kikaongezewa tisa, na mimi bila kujua nikakifuata, hatua baada ya hatua, kikienda mbali na jua. Kengele haikulia kwa sababu nilikuwa sitoi. Saa nane nilikuwa nimefika mbali sana, kule sayari ya Jupiter inakopita, ndipo nikaona jinsi mvuto wa jua ulivyokuwa mdogo katika safu yangu ya namba. Nikainua kalamu nipige mstari juu ya ukurasa mzima.

"Ngoja," akasema Papa Mukendi. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kosa ikikuja na mugeni, usiifukuze mbele ya kumusalimia mugeni. Huko ulifika, kintu yako inaenda mwendo gani?"

Nikatazama. "Saba na kitu. Kimechoka, Papa. Kimepanda mbali na jua, kimepoteza mwendo njiani."

"Sasa kikiwa pale, ukitaka kiangukie jua, unatoa ngapi?"

"Hiyo saba tu. Pungufu ya saba."

"Na uliongeza ngapi kule mwanzo?"

"Tisa, pungufu kidogo."

Alivua miwani, akaishika mkononi, akangoja. Niliona midomo yake ikijizuia. Tisa na saba ni kumi na sita. Njia ya kwenda moja kwa moja ilitaka ishirini na saba. Njia ya kukimbia kwanza mbali na jua, kisha kufunga breki kule mwisho, ilitaka kumi na sita. Kwa roketi tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu mafuta hubebwa na mafuta mengine.

Tulicheka kama watoto. Akachukua mashini yake akanionyesha jambo jingine lililonishangaza zaidi: kuondoka kabisa katika himaya ya jua, usirudi tena, kunataka kumi na mbili tu na ushei. Ni rahisi zaidi kulihama jua milele kuliko kulifikia. Mpaka leo nikiwaambia wanafunzi hilo, wananitazama kama ninayewauzia dawa ya uongo.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa Ulaya walikuwa wameijua njia hiyo kabla yetu. Haidhuru. Hakuna aliyetuambia. Tuliipata kwa mikono yetu, katika chumba chenye feni iliyoharibika.

Sasa ninafika kwenye sehemu ambayo sipendi.

Mjini watu wa Kasai walianza kuitwa wageni. Mtu aliyezaliwa hapa, aliyezika wazazi wake hapa, anaambiwa arudi kwao. Nyumba zilivunjwa milango. Familia nyingi zilikimbilia kambi pembezoni mwa mji, kwenye ulinzi wa askari wa kimataifa wa kofia za bluu. Papa Mukendi aliendelea kuja kazini, koti lake limefungwa vifungo vyote. Asubuhi moja makarani wawili wa chumba cha ramani walisimama mlangoni petu. Ni watu niliokula nao kila mchana.

"Weye Mukasai," mmoja akasema, "ungali unafanya nini huku? Kwenu iko kule."

Papa Mukendi aliinua kichwa akanitazama mimi. Si wao. Mimi ni mwana wa hapa, wa ukoo wa wakulima uliokuwepo kabla ya migodi. Neno langu lingekuwa na uzito kidogo.

Niliinamia mashini nikaanza kuzungusha mpini. Nilizungusha kwa bidii, kama mtu mwenye kazi nyingi.

Alifunika wino wake. Akafunga kitabu cha logariti, akakiweka sawasawa na ukingo wa meza, kama kawaida yake, akatoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Monsieur Hubert aliingia na kusema kwa Kifaransa, akitazama dirishani, kwamba Mukendi hayumo tena kwenye orodha ya wafanyakazi, na kwamba nimalize hesabu ya mhadhara peke yangu.

Peke yangu. Namba zilikuwa zimepita mkono mmoja tu, wangu, na sehemu ya breki kule mbali hakuna aliyekuwa ameikokotoa upya. Ningeweza kujidanganya siku nzima nikajisikia vizuri. Lakini nitakuwa mwongo nikisema kilichonisumbua ni kanuni tu. Nilikuwa silali.

Jumamosi nilikwenda Kasungami, kwenye shamba la mama. Nilimweleza, si yote. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Ule muntu alikufundisha kazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na bibi yake iko naye kule kwa kambi?"

"Nadhani."

"Basi utaenda na mikono mitupu?"

Nikatoka na unga wa mahindi, sombe iliyotwangwa, na, chini ya unga, karatasi kumi na moja za hesabu nilizozitoa ofisini bila ruhusa. Nikapanda baisikeli.

Kabla ya kufika kambini kulikuwa na kizuizi: mapipa mawili, mti umelazwa juu yake, askari wanne, na birika la chai juu ya mawe matatu. Askari mwembamba alitia mkono kwenye unga, akavuta karatasi. Nyeupe kwa unga, zimejaa namba mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata neno moja ila herufi chache za Kigiriki.

Jaribuni kujiweka pale. Vita inanukia, mtu anakwenda kwenye kambi ya wale wanaoitwa maadui, na katika unga wake mna kurasa za namba.

"Chef! Huyu iko espion!" akaita yule mwembamba, yaani mpelelezi.

Mkubwa wao, sajenti wa makamo mwenye mvi ndevuni, alizipokea, akazigeuza juu chini. "Hii iko nini?"

"Ni hesabu, chef. Ya kupeleka chombo kwenye jua."

Askari mmoja alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Tumupeleke," alisema yule mwembamba. Alinishika kola. Nilijua wanapopeleka watu. Nilianza kueleza kwa maneno makubwa ya Kifaransa, mzingo na kasi na mvuto, na kila neno lilizidi kunifanya nionekane mpelelezi.

"Nyamaza," sajenti akasema. "Sema Kiswahili. Kwenda kwa jua, si unatupa kintu kwa jua, basi?"

"Hapana, chef. Ukikitupa kwenye jua kinalikosa. Kwa sababu dunia inakimbia."

Uso wake ukabadilika, si kwa huruma, ni kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake.

"Inakimbia sawa treni?"

"Kabisa, chef. Sawa treni."

Akaketi juu ya pipa. Kumbe kabla ya kuvaa magwanda alikuwa mfanyakazi wa reli, na kazi yake ilikuwa kutupa mifuko ya barua kwenye vituo vidogo ambako treni haisimami. "Siku ya kwanza," akasema, "ninaona chef wa gare, mukubwa wa kituo, iko anasimama pale. Ninamutupia mufuko, mbele yake kabisa. Mufuko unamupita, unaenda kuanguka kule kwa majani! Alinitukana mimi na mama yangu."

"Baadaye ulifanya nini?"

"Ninatupa nyuma. Kwa nguvu. Treni inapeleka mbele, mimi ninarudisha nyuma, mufuko unaanguka chini tu, tii."

"Ndiyo hesabu yenyewe, chef! Lakini dunia inakimbia sana. Mkono wa roketi hauwezi kurudisha nyuma mwendo wote ule."

Alifikiri. Yule mwembamba bado alikuwa ameshika kola yangu, lakini sasa kama mtu aliyesahau kitu mkononi.

"Kama mukono haiwezi," sajenti akasema polepole, "unangoja mulima. Treni inapanda, inachoka, kule juu inaenda sawa muntu wa miguu. Pale unatupa na mukono mumoja tu."

Naapa kwamba sikuwa nimemwambia. Niliyahangaikia mambo yale wiki tatu kwa mashini na vitabu, na mtu huyu aliyafikia akiwa juu ya pipa, kwa sababu aliwahi kukosa kumtupia mtu barua. Nikamwambia: kurasa hizo zote kumi na moja zinasema hilo tu. Tunakipandisha mlima mbali na jua, mpaka kichoke, ndipo tunakiangusha.

"Mwachie," akamwambia askari wake. Kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimesikia. Lakini mbele kuko kizuizi ingine, na ule mukubwa wa kule hakufanya kazi ya treni. Hii namba iko kwa karatasi ao iko kwa kichwa yako?"

"Nyingi ziko kichwani."

"Basi enda na kichwa."

Akaziingiza karatasi zote chini ya birika la chai. Zilishika moto haraka, unga ukanukia kama mkate. Akachukua pia bakuli moja la unga, kwa ajili ya usumbufu wake, nami nikamshukuru kwa moyo wote.

Kwenye kizuizi cha pili walipekua unga, hawakukuta kitu. Nilimkuta Papa Mukendi katika kibanda cha mbao na magunia, pamoja na mkewe, Mama Ntumba. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Mama Ntumba alipokea unga na sombe kwa mikono miwili na kuniuliza habari za mama yangu ambaye hakuwahi kumwona. Hakuniuliza kingine. Nilipoketi nilianza kulia, nikasema, "Papa, siku ile nilikuwa na kazi nyingi..."

"Chola," alisema. Hilo ndilo jina langu. "Mashini yenye namba inazunguka nzito. Yako ilikuwa tupu. Nilisikia mpaka kule kwa ngazi."

Nikajifuta macho.

"Ilikuwa mubaya," akaendelea. "Nisikudanganye. Lakini ulikuja. Karatasi ziko wapi?"

Nilimweleza kuhusu birika. Alicheka hadi akakohoa. Kisha alipasua mfuko wa saruji, akauweka wazi chini, akanipa kipande cha makaa. Nikaandika nilichokikumbuka, yeye, upande wa pili, amenipa mgongo, alikokotoa upya kwa logariti za kichwani. Watu wa vibanda vya jirani walikuja kusimama na kutazama. Tulipolinganisha, yeye alikuwa na kumi na tano na nusu ushei, mimi kumi na sita kasoro. Namba ilikuwa imepita mikono miwili.

Nilipokuwa naondoka alinishika bega. "Kule mbali tunapofunga breki, Jupiter iko pale pale. Ile kubwa. Nilisoma kama inapindisha njia za nyota zenye mukia. Kama tukipita karibu yake, haiwezi kutufungia breki yenyewe? Bila mafuta?"

"Sijui, Papa."

"Mimi pia sijui. Endelea kufikiri."

Mhadhara ulifanyika ukumbini, mchana, wahandisi wamevaa tai. Kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu ubaoni kabla Monsieur Hubert hajaanza. Nikaandika yote, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HESABU: MUKENDI NA CHOLA. Monsieur Hubert alipanda, akaona, akawa mwekundu. Hakufuta. Alifanya jambo la ajabu zaidi: alisimama mbele ya maneno yale, mgongo ukigusa ubao, na hakusogea kwa saa nzima. Alisema "nilikokotoa" mara nyingi. Mwishoni mzee mmoja aliuliza safari hiyo ya kuzunguka ingechukua muda gani. Monsieur Hubert hakujua. Akanitazama.

"Karibu miaka mitano," nilisema. "Karibu mitatu ya kupanda na miwili ya kuanguka."

"Na ni wewe uliyekokotoa?" akauliza yule mzee.

"Mimi na Papa Mukendi, ambaye yuko kambini."

Monsieur Hubert aliposhuka kwenda kupeana mikono, mgongoni mwa koti lake jeusi lilibaki vumbi la chaki na herufi zilizogeuka, MUK hivi, wazi kabisa, na alitembea nazo ukumbi mzima. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatatu nilihamishiwa stoo ya ramani za zamani, na huko nilikaa mpaka kujitenga kulipokwisha. Msiniite shujaa. Nilisema jina lake mahali ambapo halikumsaidia, baada ya kunyamaza mahali ambapo lingemsaidia. Nilichelewa. Ninawaambia hivyo ili ninyi msichelewe.

Papa Mukendi na mkewe waliondoka kwa treni pamoja na maelfu ya wengine, kwenda Kasai ambako yeye hakuwahi kuishi. Mimi baadaye nikawa mwalimu wa hesabu, na miaka ikapita, mpaka nikasikia redioni kwamba chombo kimepita karibu na Jupiter na njia yake ikapinda. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda treni mpaka Mwene-Ditu, kisha lori mpaka Mbuji-Mayi, nikauliza watu wa shule mpaka nikafikishwa kwenye nyumba ndogo yenye ua safi.

Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu. Alinitambua kwa sauti. Sikungoja hata kupewa maji.

"Papa, wamepita kwa Jupiter. Imepinda njia."

Akanigeukia. "Walipita mbele yake ao nyuma yake?"

"Redio haikusema."

"Basi redio haikusema kitu!"

Tukaanza. Mimi nilishika kalamu, yeye alichora kwa kidole juu ya meza. Ukipita nyuma ya sayari kubwa, inakuburuta pamoja nayo, unaongezewa mwendo. Ukipita mbele yake, inakuvuta nyuma. Mwendo wako unakwenda kwake, nayo ni kubwa sana hata haihisi. Ni kwa kupita mbele kwamba Venus ilikipunguzia mwendo chombo kile alichonionyesha Mireille, kidogo kidogo, mara baada ya mara. Jupiter ingekimaliza kwa mara moja. Kule mbali hatukuhitaji tena breki. Ile saba ikaondoka. Ilibaki ile ya mwanzo tu, ingawa tisa haikutosha kabisa: ilitaka kumi na nusu hivi.

Nilikokotoa, kisha nikamsomea namba moja moja naye akakokotoa upya kichwani, uso ameugeuzia ukutani asisikie nikinong'ona majibu yangu. Ilichukua muda mrefu. Macho yake hayakuona, lakini hakukosea popote. Niliyekosea ni mimi, mara mbili.

Mama Ntumba alikuja mara ya tatu kutuambia chakula kinapoa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Munatafuta nini tangu asubuhi?"

"Tunatafuta namna ya kuanguka," Papa Mukendi akamjibu.

"Bazee bawili bazima," alisema. "Mukianguka, mimi siwezi kuwainua. Mukuye mukule."

Akamshika mumewe mkono, akampeleka mezani, na mimi nikawafuata.